Kozi Nilizozituma Bila Kuzisoma

Jumanne asubuhi, kwenye treni ya kwenda Märsta, huku ughaibuni, wanawake wawili wenye sare za usafi wa uwanja wa ndege walikaa mbele yangu. Mmoja, Mtanzania kwa lafudhi, alikuwa akigongagonga simu kwa kucha.

"Chuo kinataka hesabu na historia kabla sijaanza masomo yangu yenyewe. Nimeshalipia kozi zote mbili mtandaoni, bei ya kutupa."

Mwenzake, Mkongo, aliacha kufunga zipu ya koti, akaanza kwa Kifaransa. "Mais dada, uliuliza kwanza ku chuo kama watazikubali?"

"Niulize nini? Si zilitumwa kwenye kundi letu la simu?"

"Na nani?"

"Yule anayeandika gazetini. Mtu kama yule hawezi kutuma kitu asichokisoma."

Nikashusha kofia hadi kwenye nyusi. Tangazo lile la kozi nililisambaza mimi, nikisubiri maji ya chai yachemke, na sikusoma zaidi ya bei. Ndivyo tulivyo huku: ofisini hatuulizi, tunaulizana wenyewe, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshauliza.

Tulipofika, nilijifanya nimelala mpaka wakashuka.

Dada, kama unasoma hapa, piga simu chuoni leo. Mimi usinisikilize.