Kipimo cha Presha Hakijui Salamu

Mjomba alipotuma kipimo cha presha kutoka Dar es Salaam, nilisoma kitabu chote cha maelekezo kabla sijaitoa mashine kwenye nailoni yake. Nilisoma mpaka sehemu inayokataza kuitumia ndani ya ndege. Tunaishi Kighare, juu kabisa milimani, na ndege tunazisikia tu zikipita nyuma ya mawingu, lakini nilibaki nikijiuliza tutafanya nini siku bibi akihitaji kupimwa akiwa angani.

Hali halisi ilikuwa hivi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwajua kwa sauti na kwa mwendo, na chai alijimiminia kwa kusikiliza kikombe. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Same mjini, nao wangeanza na jicho la kulia. Ila daktari aliyemwona mara ya kwanza alituonya: presha ikikutwa juu siku hiyo, hawatamgusa, atasubiri mpaka warudi tena. Na hakuna aliyejua wangerudi lini.

"Wewe si una digrii na upo tu nyumbani?" mjomba aliniambia kwa simu. "Basi presha ya mama ni kazi yako."

Ilikuwa kazi ya kwanza kupata tangu nihitimu, tena bila usaili. Niliichukulia kwa uzito kuliko ilivyostahili.

Niseme ukweli kuhusu mashine yenyewe: ni nzuri. Kitambaa chake hakimbani mzee, betri zinakaa, na inaunganishwa na app kwenye simu ambayo huchora uso. Presha ikiwa sawa, uso wa kijani unatabasamu. Ikiwa juu, uso mwekundu unakunja sura kama mkwe aliyeletewa mahari pungufu. Kasoro yake ni kwamba uso huo ulichorwa kwa ajili ya mtu anayeona. Kwa asiyeona kuna sauti ya dada mmoja anayesema Kiingereza cha haraka, na bibi hakumpenda tangu siku ya kwanza.

"Anasemaje huyo?"

"Anasema presha iko juu, uonane na daktari."

"Mwambie daktari ndiye aliyenituma kwake."

Vidonge alimeza vizuri, chumvi tulipunguza mpaka makande yakawa na ladha ya adhabu, na bado kila asubuhi uso ulikuwa mwekundu. Nilimpimia barazani, penye mwanga. Nyumba yetu iko kando ya njia ya kwenda mferejini, kanisani na kwenye mashine ya kusaga, na kwetu mtu hapiti uwanjani kwa mwenzake kimya kimya kama mbuzi.

"Bibi, sasa usiongee," nilimwambia, kitambaa kikianza kujaa upepo.

"Siongei."

"Shikamoo bibi!" jirani akaita kutoka njiani.

"Marahaba mwanangu! Mmeamkaje huko? Na mama, mguu wake? Yule ng'ombe ameshazaa? Jike? Bwana asifiwe! Na watoto?"

Uso mwekundu.

"Bibi, umeongea."

"Nimeongea saa ngapi?"

"Sasa hivi. Umeuliza mpaka habari za ng'ombe."

"Huko si kuongea, mume wangu. Huko ni kuitikia."

Huniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao, na nikimuudhi hutishia kurudisha mahari. Nilimkubalia. Kitabu kilikataza mazungumzo, na mimi nimelelewa kujua kwamba salamu si mazungumzo. Salamu ni kama kupumua, na kitabu hakikukataza kupumua. Kwa hiyo nilitafuta kosa mahali pengine.

Nilianza kwa kupakua app ya kutuliza mawazo. Kwa maoni yangu ni app bora kuliko zote nilizowahi kujaribu, na haifai kabisa kwa mkulima. Nilimlaza bibi, nikamwambia afumbe macho, nikachagua sauti ya mvua inayonyesha polepole juu ya majani. Sauti ilikuwa safi mno. Bibi alinyanyuka kama aliyeumwa na siafu.

"Kahawa!" akapiga kelele, na kabla sijapata viatu alikuwa uwanjani, jua kali, anapapasa mkeka na kukumbatia kahawa iliyoanikwa. Nilimpima baadaye kidogo. Dada wa Kiingereza alisema maneno mengi kuliko kawaida.

Kisha nikajaribu filamu. Nilichagua ya nje, ndefu na ya polepole, inayosifiwa na watu ambao husifu filamu ili waonekane wamesoma. Haina bunduki wala mtu wa kulia. Bibi alikaa mbele ya laptop, nami nikawa namsimulia kilichopo kwenye picha. Binti anarudi nyumbani kwa wakwe zake baada ya miaka mingi. Anafungua mlango. Anaweka begi chini.

"Amesalimia?" bibi akauliza.

"Bado. Anaangalia dirishani."

"Mama mkwe yupo?"

"Yupo, amekaa mezani."

Tulingoja. Yule binti aliangalia dirishani kwa muda mrefu sana, maana hiyo ndiyo filamu yenyewe.

"Rudisha nyuma," bibi akasema. "Huenda ulipitiwa."

Nilirudisha. Hakusalimia. Nilirudisha tena, maana nami nilianza kuwa na wasiwasi. Bibi akasema mama mkwe naye ana makosa, angemuuliza hapohapo kwao ni wapi, na akaendelea kumkanya binti yule mpaka wakati wa kulala. Maoni yangu: picha nzuri, muziki wa heshima, mwongozaji hakulelewa. Kuhusu presha, sitaki hata kukumbuka.

Halafu ikaja asubuhi ya ukungu. Njia ilikuwa utelezi mtupu, huoni hata mgomba wa uwanjani. Nikampima bibi barazani, na uso ukatokea wa kijani, unatabasamu.

Niliogopa sana. Nilimpima tena. Kijani. Nikabadilisha betri. Kijani. Nikamshika bibi mkono kuona kama ana joto, kisha nikampigia mjomba.

"Mjomba, presha ya bibi iko kawaida."

"Sasa mbona sauti inatetemeka?"

"Sijui maana yake nini."

"Maana yake ni kawaida!" akasema, akakata.

Lakini mimi siwezi kuiacha habari njema ijipitie tu. Nilikaa nikiichunguza mpaka nikatambua kwamba asubuhi ile hakuna mtu hata mmoja aliyepita njiani. Hakuna aliyesema shikamoo. Nikarudi kwenye kitabu, kwenye ule mstari wa kukataza mazungumzo, ambao nilikuwa nimeupigia hata wino chini yake, nikausoma upya kama mtu anayesoma barua ya kukataliwa kazi.

Kesho yake nilimweleza bibi. Hakufurahi.

"Kwa hiyo mtu anisalimie, ninyamaze kama gogo?"

"Kwa muda mfupi tu, bibi, mashine ikiwa inapima. Siku ile ya hospitali."

"Nikisikia nitaitikia. Siwezi kujizuia, mdomo unaenda wenyewe. Labda nisisikie."

Ndipo nikakumbuka hedifoni zangu, zile kubwa zinazofunika sikio lote na kuzuia kelele za nje. Nilizinunua chuoni ili nisome, nikaishia kuzivaa ili nisisikie mawazo yangu. Tulizijaribu kwanza na nyimbo za kwaya, bibi akaanza kuimba sauti ya pili kwa nguvu. Tukazima muziki. Akakaa ndani ya ukimya, ametulia kama malkia, na uso ukawa kijani huku majirani wakipita. Sijawahi kutumia kifaa kinachofanya kazi yake vizuri kiasi kile. Wala sijawahi kuombwa maelezo na majirani wengi kiasi kile.

Siku ilipofika tulishuka kwa gari la kukodi, tukapita Lembeni, tukafika Same jua likianza kuwaka. Benchi la wagonjwa wa macho lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na nusu ya benchi walikuwa watu wa kwetu. Hilo sikuliwaza, mimi ninayewaza kila kitu. Walikuwa hawaonani. Kila anayefika alitoa salamu, benchi zima likaitikia, na hapo ndipo kila mtu alijua nani yupo na amekaa wapi.

Nikamvika bibi hedifoni na kumkalisha. Nesi alianza kupima upande wetu. Wakati anamfunga bibi kitambaa, mzee wa kanisa wa kwetu, aliyemzidi bibi umri, akaambiwa na binti yake ni nani amekaa jirani.

"Mama wa Kighare!" akaita. "Umefika?"

Bibi akatazama mbele.

"Mama wa Kighare! Wa nyumbani hawajambo?"

Kimya. Mashine ikavuma. Benchi lote likatega masikio upande wetu.

"Amepata nini?" mzee akauliza.

"Amevaa vitu masikioni," binti akasema. "Kama watangazaji wa redio."

"Hata! Ameshuka Same mara moja, tayari anaringa?"

Nesi akasoma namba, akaandika. "Presha nzuri. Mpelekeni ndani."

Nikamvua hedifoni, na kabla hajasikia lolote nikamkabidhi mlangoni. Kisha nikakaa nikijifanya nasoma simu, huku nyuma yangu wakijadili kwamba mjukuu asiye na kazi ni hatari kwa mzee.

Bibi alitoka amefunikwa jicho la kulia, ameshikwa mkono. Dereva alikuwa anapiga honi nje. Nikasogea nimuongoze kwenye gari, akagoma.

"Nani waliokuwa hapa?" akaniuliza. Nikamtajia. Akashika shavu. "Mama yangu! Nipeleke kwa yule mzee."

Nikampeleka.

"Shikamoo kaka," akasema, amepiga goti kidogo.

Mzee akageuza uso ukutani.

"Shikamoo kaka. Huyu mume wangu alinifunga masikio kama punda wa mnadani. Wanasema ukiitikia salamu, macho hayatengenezwi."

"Nani kasema?"

"Wenye digrii."

Benchi likacheka mpaka mwisho. Mzee akavumilia, akavumilia, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Marahaba," akasema. "Haya, jicho wamelifanyaje?"

Wakaulizana habari za nyumbani, za migomba, za mvua. Kisha bibi akasogea kwa aliyefuata, na kwa aliyefuata, akianza mwanzo kila mara. Honi ikalia tena, ndefu.

"Bibi, dereva anaondoka."

"Mwambie tunakuja." Akanipapasa bega, akanigeuza. "Na wewe huyu mama hujamsalimia."

Nikaweka simu mfukoni. "Shikamoo mama," nikasema, na yule mama akaanza kuniuliza habari za nyumbani.