Mtu wa Mteremko wa Gura

Sikuambii haya ili unipongeze au unionee huruma. Ukitaka kucheka, cheka. Ila mimi nilikuwepo, na pikipiki ilikuwa inanguruma chini yangu.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa Mbeya, nikifanya kazi ya utingo kwenye malori, nilipopata habari kwamba baba yangu alianguka kwenye shamba lake la kahawa na hakuamka tena. Habari ilinikuta keshazikwa. Hata hivyo nilianza safari. Lori hadi Iringa, lori hadi Moshi, nikavuka Namanga juu ya magunia ya vitunguu. Nairobi sikulala. Sagana nilinyeshewa kando ya barabara hadi mwenye lori la mbao akanihurumia, na kutoka Nyeri mjini nikapanda kwa miguu kwenda kwetu Wamagana, viatu mkononi. Ukungu wa kule kwetu una harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi. Nilipoinusa nilisimama njiani nikalia peke yangu.

Mama, ambaye kwa Kikuyu tunamwita Maitu, hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia jambo moja. Dada yake wa pekee alikuwa mgonjwa sana Gakindu, na Maitu alitaka kumwona angali anamtambua. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kwa mvua ile ya masika hakuna gari lililokubali kuingia kwenye tope letu.

"Baba yako angenipeleka na pikipiki," akasema.

Pikipiki ilikuwa bado ipo, nyuma ya banda. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, tangi lake lina mstari wa dhahabu. Baba alikuwa mwalimu wa kahawa. Alizunguka nayo mashambani akifundisha watu kukata matawi na kuchuma. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiisikia ikipanda kutoka mtoni, nami nikikimbia kufungua lango. Sasa kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti chake.

Mdogo wangu Muriuki aliegemea banda akicheka. "Ati umetoka Tanzania yote hiyo kuja kufufua hiyo chuma? Afadhali ufufue ng'ombe ya jirani, ilikufa juzi tu."

"Lete petroli, wacha mdomo."

"Petroli niko nayo. Akili ndio hauna."

Lakini alileta, na tukafanya kazi pamoja, matope hadi magotini. Nilifungua kaburata, nikakuta mchanga na mdudu aliyekauka. Plagi niliisugua kwa waya. Nyaya za breki tulizipaka mafuta ya ng'ombe. Cheni tuliilowesha kwenye oili chafu ya trekta, kisha nikaifunga mwenyewe kwa klipu yake, kile kibanio kidogo kinachounga ncha zake mbili. Kisanduku cha vifaa cha baba, kile cha bati chini ya kiti, kilikuwa kimefungwa na ufunguo haukuonekana, basi nikatumia koleo la Muriuki. Nilipiga kiki hadi mguu ukafa ganzi. Alasiri ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikawaka. Maitu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alifunga tu macho akasikiliza.

"Kesho Gakindu," nikamwambia.

Jioni ile nikaijaribu barabarani. Ilipita shule vizuri, ikapita kiwanda cha kahawa. Kwenye mteremko unaoshuka mto Gura, ukungu ulikuwa umepanda hadi kiunoni. Mtu alisimama katikati ya njia, koti refu la mvua, kofia imeshushwa usoni. Akainua mkono.

Nikasimama. Injini sikuzima. Ungekuwa wewe ungezima? Ilikuwa imenichukua siku nzima kuiwasha, na Maitu alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Baba," mtu yule akaniambia, "cheni umefunga vibaya."

Nielewe hapa. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo baba yake humwita Baba, nusu heshima na nusu mzaha. Wazee wa ukoo nao waliweza kuniita hivyo. Ndiyo maana sikushtuka. Nilidhani ni mzee wa kwetu.

Akachuchumaa. Akatemea mate kidogo viganjani, kama wazee wanavyobariki, akafungua kile kisanduku cha bati, akatoa koleo. "Mdomo wa klipu unaangalia mbele. Ikigusa kitu itatoka, na cheni ikitoka hapa kwa mteremko, gurudumu inashika. Unataka kuua mama yako?"

Aliigeuza klipu mara moja. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa kahawa. Akarudisha koleo, akafunga kisanduku, akasimama.

"Mwambie ajifunge shuka vizuri. Huko juu kuna upepo."

Akageuka kuteremka. Hatua chache mbele akatazama nyuma, akainua mkono tena, akasema jambo. Lilikuwa refu. Niliona kidevu chake kikicheza. Lakini injini ilikuwa inataka kufa, nami nikaongeza mafuta ili isizime. Ikanguruma. Nilipopunguza, njia ilikuwa na ukungu tu.

Nyumbani nilimsimulia Muriuki, nikainama kumwonyesha lile koleo. Kisanduku kilikuwa kimefungwa. Nilivuta, nikapiga kwa jiwe.

Muriuki hakucheka safari hii. "Ufunguo ulikuwa kwa mfuko ya koti yake," akasema polepole. "Koti ya mvua. Tulimzika nayo."

Tukaangalia klipu. Ilikuwa imegeuzwa, niamini.

Maitu alikuwa mlangoni na alisikia yote. "Aliniulizia?"

Nikampa ujumbe wa shuka. Akatabasamu kama msichana. "Na mwisho alisema nini?"

"Sikusikia, Maitu. Injini."

Akakaa chini taratibu. "Yule hakuwa mtu wa maneno mengi," akasema, na hakuniuliza tena maishani mwake.

Kesho yake nilimpeleka Gakindu, shuka imefungwa hadi masikioni. Dada yake alimtambua. Walishikana mikono wakicheka mambo ya usichana wao, na yule dada alifariki kabla kahawa haijaiva.

Tangu hapo, kila injini inapopunguza sauti karibu nami, ya lori, ya mashine ya kusaga, hujikuta nimetega sikio. Nimeishi miji mingi, na sijaacha.

Maitu alipozikwa, niliamua kuondoka nisirudi. Asubuhi ile niliteremka na pikipiki hadi mahali pale, nikazima injini, nikakaa. Jua lilikuwa kali, Gura ikitiririka chini. Nikasubiri hadi Muriuki akaja kwa miguu.

"Amekuja?" akaniuliza.

"Hapana."

Nikamwachia pikipiki, nikaenda kutafuta lori la Sagana.

Nawe, ukisimamishwa njiani kwenye ukungu na mtu anayekuita jina la nyumbani kwenu, usikimbie wala usiogope. Zima injini kwanza. Zima, hata kama haitawaka tena.