Mwaka Aliookoka Paulo

Mzee Kiilu anachonga mbao hapa Umoja, mlango wa tatu kutoka dukani kwangu ninakouzia maharagwe na pojo. Anatengeneza milango, vitanda na fremu za picha, na akipata nafasi anachonga maua na majina. Kwa miaka tisa ndiye aliyefundisha darasa la Biblia la Jumamosi katika kanisa letu. Mimi, Kavata, niliandika mahudhurio. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, na mengine aliniambia mwenyewe baadaye, ameketi kwenye gunia langu.

Kilichomtofautisha na walimu wengine ni kwamba alipenda miaka. Wengine wakihubiri kuhusu imani ya Paulo, yeye angeuliza: hayo yalitokea mwaka gani? Alisoma katika Luka kwamba Yohana alianza kuhubiri mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio, na kwamba Yesu alipoanza kazi alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Akahesabu Pasaka zilizotajwa katika Injili ya Yohana, akapata tatu. Thelathini ukijumlisha tatu ni thelathini na tatu. Akachukua ubao wa mvule, akauchonga kwa miezi minne: kuzaliwa kwa Bwana mwaka wa kwanza, kusulubiwa mwaka wa thelathini na tatu, Paulo kuokoka mwaka wa arobaini. Ule wa arobaini, aliniambia, aliukisia tu kwa sababu arobaini ni hesabu ya Biblia. Ubao ukatundikwa karibu na mlango wa kanisa, na wageni wakawa wanapigwa picha kando yake. Vijana wakamwita Mzee wa Miaka. Alijifanya hapendi.

Kisha akaja Waithera.

Waithera ana miaka thelathini na minne. Alisomea ualimu wa historia chuoni, akakosa kuajiriwa, na sasa anashona yunifomu za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Jumamosi yake ya tatu darasani, mtu aliuliza swali kuhusu Herode na watoto wa Bethlehemu. Mzee Kiilu akajibu vizuri, akamaliza kwa kuonyesha ubao: mwaka wa kwanza.

Waithera akainua mkono. "Samahani, Mzee. Huyo Herode alikufa miaka minne kabla ya mwaka wa kwanza."

"Nani amesema?"

"Kuna mwandishi Myahudi wa zama zile aliyeandika kwamba mwezi ulipatwa muda mfupi kabla ya kifo chake, na Pasaka ikafuata. Wataalamu wengi wakihesabu wanafika huko. Yule mtawa aliyeanzisha hesabu ya miaka tunayotumia alikuja baadaye sana, zaidi ya miaka mia tano, na alikosea kidogo. Kama Herode alikuwa hai Bwana alipozaliwa, basi Bwana alizaliwa kabla ya huo mwaka wa kwanza."

Darasa lilichangamka kama ambavyo sijawahi kuliona. Watu waliuliza maswali mpaka muda ukapita. Na wote, nilivyoona kutoka kiti changu cha nyuma, walikuwa wamegeuza viti kumwelekea yeye. Mzee Kiilu alibaki mbele na chaki mkononi, anatazama visogo.

Ndani ya wiki sita Pasta Opicho alimwomba Waithera afundishe "kwa muda". Ubao nao ukateremshwa, eti urekebishwe, ukaegemezwa stoo nyuma ya spika mbovu. Pasta alilisema jambo hilo kwa upole mwingi, na upole huo ndio uliomchoma Mzee zaidi.

Wivu ulimwingia kama maumivu ya jino. Hakuwa mtu wa kelele, lakini nilimwona. Watu wakipita karakanani wakisema "Mwalimu alifundisha jana, wee!", alipiga patasi kwa nguvu mpaka mbao zikapasuka. Alijua rangi za sweta zote za Waithera. Alijua ni nani waliomsalimia kanisani na kwa muda gani. Mkewe, Mama Nzau, alimwambia, "Baba Nzau, huyo ni mtoto wa juzi, atakuondolea nini?" Akamjibu, "Ameshaondoa."

Waithera naye, lazima niseme, alikuwa mwalimu hodari. Alitufundisha kuhusu Galio, yule liwali ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake kule Korintho. Akatueleza kwamba huko Delfi, Ugiriki, yamechimbuliwa mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo huyo, na kwa barua ile inajulikana alikuwa liwali karibu mwaka wa hamsini na moja. "Hapa," alisema, akichora duara ubaoni, "Biblia na mawe vinashikana mikono." Kutoka hapo akarudi nyuma: mkutano wa mitume Yerusalemu, kama mwaka wa arobaini na tisa. Katika Wagalatia Paulo anasema baada ya kuokoka alingoja miaka mitatu, kisha miaka kumi na minne, kabla ya kupanda Yerusalemu. Ondoa kumi na saba. Paulo aliokoka mwaka wa thelathini na mbili. Tulipiga makofi. Mzee Kiilu alifunga mikono kifuani.

Mambo hayo mengi Waithera aliyapata katika kitabu cha historia ya Warumi, kikuukuu, jalada limetoka, ambacho Pasta alimwazima. Alikifunga kwa karatasi ya kaki. Jumamosi hiyo alikisahau kwenye benchi alipotoka kumsaidia mama mmoja kubeba mtoto. Mzee Kiilu alikuwa wa mwisho kutoka. Alikitia katika mkoba wake wa vifaa, kati ya randa na msasa.

"Nilisema nitamrudishia kesho," aliniambia. "Naapa nilisema hivyo."

Kesho haikufika. Waithera alikitafuta kila mahali. Alikuja hata dukani kwangu, akainua magunia. Jumapili ya pili alisimama mbele ya kanisa zima, macho mekundu, akamwomba Pasta msamaha kwa kupoteza kitabu kilichokuwa cha marehemu baba wa Pasta. Mzee Kiilu alikuwa safu ya tatu. Alitazama viatu vyake.

Lakini kitabu alikuwa akikisoma. Kila siku saa nne, wakati wa chai, alifunga mlango wa karakana, akaketi juu ya kitanda kisichomalizika, akakipitia kwa kamusi na miwani ya kuazima. Alikuwa anatafuta kosa la Waithera. Hakutaka kingine. Na kwa kutafuta kosa alijifunza kuliko alivyojifunza kwa miaka tisa: namna Warumi walivyohesabu miaka ya wafalme, Pilato alitawala lini, Pasaka ziliangukia siku gani. Wiki ya tatu akalipata. Alisimama, akaniita kutoka mlangoni, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuniambia, akasema alitaka tu kujua kama nina kunde.

Jumamosi alikuja amevaa koti lake la kwendea harusi za watu. Waithera alipomaliza, akainuka.

"Mwalimu." Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Bwana wetu alisulubiwa mwaka gani?"

"Thelathini na tatu. Wengine wanasema thelathini, lakini sisi tulikubaliana na yako."

"Na Paulo aliokoka?"

"Thelathini na mbili."

"Kwa hivyo Paulo alitokewa na Yesu aliyefufuka," alisema polepole, "kabla Yesu hajafa?"

Mtu mmoja akacheka, kisha darasa zima. Waithera alitazama daftari lake, akapitisha kidole kwenye hesabu. Mzee Kiilu aliniambia kwamba dakika ile ilikuwa tamu kuliko chakula chochote alichowahi kula.

Hakuishia hapo. "Kosa ni kuhesabu miaka kama sisi. Watu wa kale kipande cha mwaka walikiita mwaka. Si mnajua Bwana alikaa kaburini siku tatu? Ijumaa jioni hadi Jumapili alfajiri, hizo ni saa ngapi? Basi miaka mitatu ya Paulo inaweza kuwa mmoja na kitu, na ile kumi na minne ikawa kumi na miwili na kitu. Hapo unapata kama thelathini na tano. Tena inafaa, kwa sababu Paulo alitoroka Dameski kwa kapu wakati wa Mfalme Areta, na Areta alikufa karibu mwaka wa arobaini. Lazima awe ametoroka kabla."

Makofi yalipigwa mpaka benchi zikatikisika. Waithera pia alipiga, kwa uaminifu kabisa. Kisha akasimamisha mikono hewani.

"Mzee, kifo cha Areta hakimo kwenye Biblia. Umekijua wapi?"

Hakuuliza kwa hila. Lakini akiwa bado anauliza, nilimwona ameelewa.

"Redioni," alisema Mzee Kiilu.

"Sawa," alisema Waithera. Akafuta ubao.

Watu walimshika Mzee mkono mlangoni, na Pasta akamwambia ubao wake wa mvule utarudi ukutani. Alikuwa amepata yote aliyoyataka. Alifika nyumbani, Mama Nzau akampakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, naye akasukuma sahani kando.

Jumatatu mchana Waithera alikuja karakanani. Mimi nilikuwa nje napepeta maharagwe, na mlango ulikuwa wazi.

"Nimekuja kuchukua kitabu," alisema.

Mzee Kiilu hakubisha. Alikitoa chini ya mbao. Karatasi ya kaki ilikuwa imeingia vumbi la mvule.

"Nililia mbele ya kanisa, Mzee. Ulikuwa umeketi pale pale."

"Ndiyo."

"Ungeniomba ningekupa. Tungesoma pamoja. Mimi pia sikuwa na mtu wa kuongea naye mambo haya. Mama yangu nikimtajia Galio anaondoka chumbani."

"Sikutaka kusoma na wewe," alisema Mzee Kiilu. "Nilitaka uondoke."

Sijui ni wangapi wanaoweza kusema neno hilo mbele ya mtu. Waithera alipangusa vumbi kwenye karatasi ya kaki. Aliposema, sauti yake ilikuwa kali.

"Basi Jumamosi utasema wewe mwenyewe. Sitakusemea. Na sitakuficha."

Alisema. Mzee Kiilu alisimama bila koti, akaeleza jinsi alivyokichukua kitabu, kwa siku ngapi, na kwamba habari ya redio ilikuwa uongo. Hakutaja shetani, hakulia, hakusoma mstari. Alisema tu, "Nilimwonea wivu. Bado namwonea." Mzee mmoja wa kanisa alitoka kwa hasira na hakurudi darasani mwezi mzima. Pasta Opicho alichukua kitabu cha baba yake, akakishika kifuani, akasema atafikiria. Baada ya wiki mbili alitoa uamuzi: Waithera ataendelea kufundisha, na Mzee Kiilu akitaka, atakaa na wanafunzi.

Nilidhani hatakuja. Alikuja, akaketi benchi la pili na daftari jipya. Ule ubao wa mvule akaupiga randa, akachonga upya, na safari hii akaweka neno "kama" mbele ya kila mwaka.

Wao wawili hawakuwa marafiki haraka. Kwanza walikuwa wapinzani wa wazi, jambo lililolifaa darasa zaidi. Sasa Waithera ameegemea mwaka wa thelathini kwa kusulubiwa, Mzee ameshikilia thelathini na tatu, na vijana wamegawanyika kama timu za mpira. Mtu akimsifu Waithera, Mzee bado anauma mdomo, nimemwona. Lakini jioni anapita kwenye chumba cha Waithera cha kushonea, anasimama mlangoni kati ya sketi za shule zilizotundikwa, wanabishana juu ya Tiberio: je, mwaka wake wa kwanza uhesabiwe tangu Agusto afe, au tangu alipoanza kutawala naye pamoja?

Wiki iliyopita Mama Nzau alikuja kununua ndengu. Nikamuuliza mumewe anaendeleaje na Waithera, kama mambo yametulia.

"Yametulia kwao," alisema. "Mimi ndiye naumia sasa. Anakula akisoma, analala akihesabu, nikimwongelesha ananijibu Kaisari. Angeniletea mke mwenza ningejua mtu wa kugombana naye. Huyu Tiberio nitampata wapi?"

Akachukua ndengu zake, akaondoka bila kungoja jibu.