Magunia Chini ya Bango

Nimekula mshahara wa kutetea misitu kwa miaka kadhaa sasa, na nyumbani kwangu Kilosa maharage hayajawahi kuiva kwa kitu kingine zaidi ya mkaa. Jiko la gesi ninalo. Nimelifunika kitambaa cha kufuma, juu yake nimeweka redio. Mama mkwe wangu, anayekaa Mikumi, ndiye aliyenipa sababu: "Gesi haiivishi maharage, inayatisha tu."

Kwa hiyo kila nikienda vijijini, agizo lake la mkaa lilinitangulia. Siku ile tulikuwa tunakwenda kijiji kimoja upande wa Msowero, chini ya kilima kilichobaki na vipara vya msitu na chemchemi inayodondoka badala ya kutiririka. Mkutano wa kijiji ulikuwa uamue kama uchomaji mkaa upigwe marufuku kabisa, na mimi, afisa utetezi, niwafundishe kutafuta kiini cha tatizo. Njiani nikaona magunia mawili mazuri kando ya barabara. Nikamwambia dereva asimame, maana tukirudi tungekuta yameshachukuliwa. Nikayalipia, tukayapandisha juu ya gari la mradi. Haya ninazo kidogo, nikayafunika kwa bango letu: MISITU NI UHAI.

Mkutanoni nikachora mti kwenye karatasi kubwa. Majani ni madhara, nikaeleza, mizizi ni sababu. Haya, mzizi wa kuisha kwa msitu ni nini?

"Wachoma mkaa!" wakajibu kwa pamoja.

Nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa kujivunia. Mbele yangu alikaa mama mmoja mjane, mchoma mkaa. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba, akaniambia kwamba shamba lake limekauka na tanuri ndilo lililobaki kumlisha. Nilimsikia vizuri sana. Hata hivyo nikaandika wachoma mkaa.

Mwenyekiti wa kijiji akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. "Afisa, bango mbona hujatundika? Tutapigaje picha?"

Nikajifanya nakohoa. Lakini dereva wangu ni mtu mtiifu kupita kiasi; alishapanda juu ya gari. Bango likashuka limejaa vumbi jeusi, magunia yakabaki juu, wazi kabisa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelifunika kwa bango.

Yule mama hakucheka. Alikwenda hadi kwenye gari, akatazama kamba zilizoshonea midomo ya magunia, akarudi.

"Yale nimeshona mimi. Hakuna mwingine hapa anayepitisha kamba vile. Juzi nilimuuzia mchuuzi wa barabarani." Akanigeukia. "Mwanangu, mimi nimechoma. Aliyeagiza ni nani?"

"Mama mkwe," nikasema. Mtu mzima hovyo, namtupia lawama zote mama wa watu mbele ya kijiji kizima.

Akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Chini kabisa ya mzizi wangu akaandika polepole: WANAOPIKIA.

Mkutano haukupiga marufuku. Ulikubaliana kwamba upande wa chemchemi usiguswe tena, wachomaji watengewe sehemu nyingine ya kukata kwa zamu, nami niipeleke karatasi ile ile halmashauri nikaseme habari za majiko ya mjini, nikianza na la kwangu.

Wakati wa kuondoka nikataka kuyashusha magunia niyaache. Yule mama akakataa.

"Mti ukishakatwa umekatwa. Kapikieni."

Akakanyaga tairi, akaikaza kamba iliyokuwa imelegea.

"Ila mwambie mama mkwe wako, maharage yakiiva azime makaa, yasiishe bure. Ule mti ulikuwa wa mwisho pale chemchemini. Nilikuwa nachota maji kivulini kwake."