Kabla Hujaruka Jumapili

Nakumbuka Jumapili moja huko Kawangware, mwanangu, na kila ninapoikumbuka naona kana kwamba mambo yenyewe bado yako mbele. Sijawahi kuyasimulia nyumbani. Mama yako, dada yangu, anajua nusu tu. Leo nakuandikia yote, kwa sababu nimesikia kwamba Jumapili ijayo wewe na vijana wenzako wa Soweto hapa Kibera mtacheza mieleka uwanjani, na kwamba utapanda juu ya paa la kibanda cha kinyozi umrukie mwenzako aliyelala juu ya meza.

Usinidhanie adui wa mieleka. Naipenda tangu sijaota ndevu. Nimeifuata Nakuru, Kisumu, Kampala hadi Mombasa, maana mguu wangu haujui kutulia, na kila mji niliofika niliulizia chumba kwanza, kisha ulingo. Hata hawa wa siku hizi wanaoonyeshwa kwenye video hapa Kibera nawatazama. Ni wakubwa kuliko wetu, miili kama magunia ya viazi, nyuso zimepakwa rangi. Lakini huwatazama nimeshika ukingo wa benchi. Mmoja atanguruma kwenye kipaza sauti robo saa, atashikana na mwenzake dakika mbili, halafu viti vinaanza kuruka. Juzi alipigwa kiti kimoja, watu wakapiga makofi. Jana kiti kimoja hakikumshtua mtu. Ikabidi viwe viwili, kisha ngazi. Nami najiuliza kesho watatoa nini. Wazee walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Wengi husema hivyo kwa kusikia. Mimi nilikuwepo ilipopasuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nimetoka kwetu Magharibi na masomo yangu ya sekondari, nikapanga chumba Kambi Muru, hapa hapa Kibera, pamoja na kijana wa rika langu aitwaye Shiundu. Siku za kazi Shiundu alichonga mawe ya kujengea. Jumapili, tukishatoka kanisani, tulikwenda kwa miguu hadi Kawangware, ambako mwenye ploti mmoja alikuwa amewaazima wanamieleka ua wake mpana. Hapo Shiundu aliitwa Radi. Ulingo wenyewe ulikuwa mbao zilizowekwa juu ya mapipa matupu, ili mtu akianguka mshindo usikike hadi barabarani. Juu ya mbao kulikuwa na magunia yaliyojazwa maranda ya seremala, na juu ya magunia turubai.

Mwalimu wao alikuwa Mzee Amwayi, aliyejifunza mieleka ya ulingoni alipokuwa askari ng'ambo wakati wa vita. Kwa miezi mitatu ya kwanza hakumruhusu mwanafunzi kumshika mwenzake. Alifundisha kuanguka tu: kidevu kifuani, pumzi nje, mikono yote miwili ipige turubai kabla ya mgongo.

"Kuangusha hata mlevi anaweza," alizoea kusema. "Kuanguka ndiyo kazi."

Aliwafundisha pia alama yao. Ukimkaba mwenzako, au ukimwangusha vibaya, unambonyeza mkono mara mbili kwa siri. Akiwa mzima, naye anakubonyeza mara mbili. Asipojibu, mchezo umekwisha, hata kama watu wanataka damu. Shiundu aliniambia jambo hilo chumbani tukisubiri ugali uive, akaniapisha nisilitoe nje.

Nililitoa. Siri humwasha mtu anayependa kuonekana mjanja. Jumapili hiyo nilikuwa nimewanong'oneza watu wa benchi la mbele kwamba hawa jamaa wanadanganya, wana namna yao ya kuambizana kwa vidole. Sikuwaambia vidole vile ni vya kazi gani.

Radi alipangwa na Nyundo, muuza makaa wa pale pale Kawangware, mtu mpole ajabu ambaye ulingoni alikunja uso watoto wakalia. Jua lilikuwa kali, na pambano likaenda polepole. Nyundo akamkaba Radi shingo. Nikaona vidole vikibonyeza, nikasimama juu ya benchi.

"Angalieni mikono!" nikapiga kelele. "Hawa wanabembelezana! Waleteeni chai!"

Ua mzima ukacheka. Mama muuza njugu akadakia, "Na blanketi pia, walale, wamechoka!"

"Wee Radi!" mwingine akaita kutoka nyuma. "Mvua yako iko wapi, bwana?"

Shiundu akageuza uso akanitazama. Tulilala chumba kimoja, tulikula sufuria moja. Sauti yangu hangeweza kuikosea. Hakukasirika, mwanangu. Aliona haya, na mtu mwenye haya ni hatari kwa nafsi yake kuliko mwenye hasira. Akajinasua, akapanda juu ya nguzo ya pembeni. Hakuna aliyewahi kuruka kutoka pale, kwani Mzee Amwayi alikuwa amekataza.

"Shuka!" mzee akamwita. "Radi, shuka!"

Lakini sisi tulikuwa wengi. "Ruka! Ruka! Ruka!" Nami nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Husemwa kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli kwa ng'ombe. Binadamu kelele humzuia, na humsukuma pia.

Nyundo alikuwa amempa Radi mgongo, anajifuta jasho, maana katika mapatano yao hakuna kilichotazamiwa kutoka upande ule. Radi akaruka. Nyundo akasikia sauti zikibadilika, akageuka nusu, hakumdaka. Shiundu alipita begani mwake akaanguka kwa kichwa ukingoni, pale magunia yalipoishia na mbao kubaki tupu.

Mapipa yakalia. Hakuinuka. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Amka bwana, umelala sana!" Watu wakacheka tena.

Nyundo akapiga magoti, akauchukua mkono wake. Nikaona akibonyeza mara mbili. Akangoja. Akabonyeza tena mara mbili. Wale niliowanong'oneza wakazidi kucheka, wakigusana viwiko, "Si uliona? Wanaendelea!" Kicheko kikanikauka mdomoni. Katika umati ule ni mimi na Mzee Amwayi tu tuliojua tunachokitazama.

"Bonyeza, ndugu yangu," Nyundo alikuwa akisema, na uso wake wa ulingoni ulikuwa umemwishia. "Bonyeza basi. Hata kidogo."

Tulimbeba juu ya mlango uliong'olewa bawabani. Tulipokuwa langoni tukingoja gari la kumpeleka hospitali, Mzee Amwayi alinishika kola.

"Maneno ya mikono uliyatoa wapi?"

"Aliniambia yeye mwenyewe, mzee."

Akaniachilia taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kichafu. "Basi wale wengine walicheka kwa kutojua. Wewe ulijua."

Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbua usaha, na usaha mwingine haukauki.

Shiundu alipona kwa kiasi tu: macho yalifanya kazi, ulimi ulifanya kazi, lakini kuanzia shingoni kwenda chini hakuwa na habari. Nilimtembelea mara moja. Akaniambia, "Si wewe. Mimi ndiye niliruka." Nilishindwa kukaa na msamaha ule chumba kimoja. Alirudishwa nyumbani, mama yake akamlisha kwa kijiko miaka sita, hadi walipomzika. Nami nilikuwa nimeshaanza kuhama mji hadi mji, na watu wakadhani napenda safari.

Juzi nilijaribu kukuambia haya kwa mkato, ukacheka. "Anko, hiyo mambo ni ya zamani," ukasema. "Siku hizi watu wakiona mnashikana tu wanaenda zao. Lazima uruke. Na tuko na godoro."

Nimeliona godoro lenu. Nilikwenda jana, nikapanda juu yake kwa mguu mmoja tu, na unyayo ukagusa ardhi. Usiku kucha sikulala.

Kwa hiyo nisikilize. Cheza mieleka, sikukatazi, lakini kwanza utafute wa kukufundisha kuanguka, na kama hakuna, basi usipande mahali pa juu kuliko kiuno chako. Patana na mwenzako namna ya kusema nimeumia, na akikujulisha, achia hapo hapo, hata watu wakuzomee hadi kwenu. Usimrukie asiyejua unakuja. Kisha kuna hili, linalokuhusu hata siku utakapokuwa benchini na si ulingoni: chunga unachomtupia mtu aliye juu. Wanaosema ruka watarudi makwao kula chakula cha jioni. Hakuna hata mmoja wao atakayeshika kijiko. Atakayekishika ni mama yako, na mama yako hajaulizwa.

Una miaka kumi na tisa. Siwezi kukufungia chumbani. Jumapili nitakuja mapema, nitakaa pale chini mbele ya kibanda, na ukipanda utaniona.

Mungu akulinde uti wa mgongo na akili pia. Akupe wajukuu wa kukusumbua. Akufikishe uzee wa kulalamika magoti asubuhi za baridi, na ukiinuka kitandani ukiguna, uinuke kwa miguu yako mwenyewe.