Daimu ya Ayeyo

Sijui hata leo ni shetani gani aliniingia nikaanza kukusanya sarafu za Wamarekani. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Isiolo, miaka ya sabini, na mshahara wangu haukutosha kukusanya hata vijiko. Lakini Mmarekani mmoja aliyekuja kufundisha sayansi sekondari, alipomaliza mkataba wake, aliniachia lenzi, kitabu kinene kilichochakaa, na sarafu saba ndogo za senti kumi. Kwao huziita daimu. Zilikuwa za madini ya fedha, nyembamba, za kutosha juu ya ukucha wa kidole gumba.

Kitabu kilinichanganya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kilisema sarafu hupimwa kwa daraja, na hilo nililielewa upesi kwa sababu kutoa alama ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Shida ilikuwa namna ya kuzitoa hizo alama. Sarafu iliyonunua mkate, ikapita mifukoni na kuzunguka sokoni mpaka sura ikafutika, hiyo ilianguka mtihani. Ya kwanza darasani ni ile ambayo haikufanya kazi yoyote tangu izaliwe. Usiishike usoni, kitabu kilionya, shika ukingo. Usiisafishe. Na ukiitoboa, basi, umeiua, hakuna daraja tena. Nilijiuliza ni pesa gani hii isiyotaka kuwa pesa, na bado nilizidi kuzitamani. Zaidi ya zote nilitamani zile za mwanzo kabisa, za wakati nchi yao ilikuwa bado changa: mwanamke mwenye nywele za kumwagika mabegani, nyota zikimzunguka, na upande wa pili wa sarafu tai. Hazikuandikwa hata thamani yake. Nilizijua kwa picha tu.

Ukuta mmoja nasi aliishi bibi kizee wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia. Mtaa mzima tulimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa lugha yao, na mimi nikadhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba wajukuu wako mahali fulani, labda upande wa Garba Tula, na mifugo. Siku moja alileta maziwa akanikuta barazani na lenzi jichoni.

"Mwalimu," akasema, "unatafuta chawa kwa pesa?"

Nilimwonyesha sarafu zangu na picha za kitabuni. Akaangalia, akacheka, akarudi kwake. Alipokuja tena alikuwa na kitambaa kilichonukia ubani, akakifungua mbele yangu. Nywele za kumwagika. Nyota. Tai. Nikarudisha lenzi jichoni. Kwenye mikunjo ya nywele, pale ambapo kitabu kilisema ndipo sarafu huanza kuchakaa, hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa ya kijivu kilichoiva, na chini ya ule ujivu kulikuwa na mng'ao. Baba yake, alinieleza, alichochea makaa kwenye meli za Waingereza kabla ya kuja kukaa Isiolo, na meli moja ilimfikisha Amerika. Vipi kitu kama hicho kilipita bandari zote hizo na miaka yote hiyo kisiguswe, sikuelewa.

Nilimwomba aniuzie, akakataa. Nikamwahidi mbuzi, kisha mbuzi wawili, ambao sikuwa nao.

"Hii hapana ya kuuza, mwalimu. Iko na kazi yake."

"Kazi gani, Ayeyo?"

"Kazi yake tu."

Basi kwa miaka mingi nikawa mgeni wake wa kila mwisho wa wiki. Nilibisha hodi na salamu zangu za Kikristo, yeye akanijibu kwa salaam ya Kiislamu, kisha akaitoa sarafu bila kuombwa. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Uongo mtupu, nilikwenda kuitazama. Mke wangu alisema yeye hana wasiwasi na wanawake wa mjini, mke mwenzake ana nyota kumi na tatu na anakaa kwa Ayeyo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tukampata binti yetu, baada ya kungoja sana, naye akaja kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo kiasi cha kuogopa kumshika. Alipotoka hospitali, Ayeyo ndiye aliyemkanda kwa samli kila asubuhi huku akimwimbia, na hapo ndipo mke wangu alipopata usingizi. Kufika siku ya arobaini mtoto alikuwa na mashavu.

Siku hiyo Ayeyo alikuja amevaa nguo mpya. Akampakata mtoto, akamfunga uzi mweusi mkononi, na kwenye uzi ilining'inia ile daimu. Iling'aa vibaya sana, maana alikuwa ameisugua kwa majivu. Juu ya kichwa cha yule mwanamke, katikati ya nyota, kulikuwa na tundu. Alikuwa ameipeleka kwa sonara.

"Ayeyo, umeiharibu!"

Ilinitoka hivyo, kwa sauti ya darasani. Mtoto akashtuka akalia. Ayeyo akanitazama, kisha akaitazama sarafu.

"Nimeharibu nini?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaenda kuleta kitabu. Naona aibu hata kuandika. Nilimfungulia ukurasa mwanamke asiyejua kusoma, nikaanza kumweleza mambo ya daraja na mng'ao na matundu, nikimnyooshea kidole utadhani yumo darasa langu la nne. Sikujua kama nina hasira, au huzuni, au shukrani. Vyote vilikuwemo na hakuna kilichokubali kutangulia.

"Wewe baba yake," mke wangu akasema, "funga hicho kitabu."

Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alinipa hii siku ya harusi yangu," akasema. "Akaniambia, usitoboe, usisugue, ngoja. Siku utapata mtoto wa kwanza, toboa, sugua, umfunge. Mimi nimengoja, mwalimu. Baba alikufa nikingoja. Bwana yangu akaoa mwingine nikingoja. Wewe unasema ilikuwa safi. Ilikuwa safi kwa sababu hakuna mtoto."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliamini kweli kwamba ameharibu kitu changu, akainama akaanza kuufungua ule uzi. Fundo likakataa. Nikapiga magoti nikaufunika mkono wa mtoto kwa wangu.

"Iache, Ayeyo. Tafadhali, iache."

"Sasa iko sawa?"

"Iko sawa."

Nilikuwa nalia mbele ya mke wangu, na Mungu anisamehe, hata wakati huo sikujua kama namlilia Ayeyo au naililia sarafu.