Kichanja Kifike Kwenye Mkanda

Kwenye mwalo wetu wa mitumbwi wa Minago, sheria ilikuwa na urefu wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa prezida wa komite ya mwalo, mrefu kama mchikichi ambao hakuna anayethubutu tena kuupanda. Aliandika kwa mkono wake, kwenye kaye, daftari lake la jalada la bluu, kwamba ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, wasianikwe tena mchangani bali juu ya vichanja, na kila kichanja kifike kwenye mkanda. Mkanda wa nani, kaye haikusema. Prezida alikuja, akasimama kando ya kichanja chako, akatazama kiuno chake, na hapo ukajua kama wewe ni raia mwema.

Sikuwa na ugomvi na vichanja virefu. Ndagala wa mchangani wanakwaruza meno, kila mtu anajua. Ugomvi wangu ulikuwa kwamba aliyeandika sheria ndiye aliyepuliza filimbi, ndiye aliyesikiliza kesi, na ndiye aliyeshika ufunguo wa depo walimofungia vitu vilivyokamatwa. Tena alikuwa na vichanja vyake vya kukodisha, vilivyokwisha kuzama mchangani hadi kumfika magotini, na hivyo hakuvipima kamwe. Kwa shida zote hizo alichukua konzi moja ya ndagala kutoka kila beseni. Desturi, alisema.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Bujumbura na diplome ya sheria, nakaa kwa shangazi yangu, aliyenisomesha kwa ndagala hao hao. Kazi sikuwa nayo. Nilikuwa na maswali, na nilimenya mihogo. Wanawake wa mwalo waliniita avoka, yaani wakili, wa mihogo.

Mwezi ulipokuwa unakaribia kujaa, mitumbwi ikapumzika kama kawaida, kwa sababu taa za wavuvi hazimdanganyi samaki aliye na mbalamwezi. Siku hiyo prezida alisimama kando ya kichanja cha shangazi.

"Mama, hii iko chini."

"Chini ya nini?"

"Ya mukanda."

"Jana ilifika."

Prezida akaonyesha kiuno chake kwa kidole, kama ushahidi.

"Jana ulivaa suruali ingine," shangazi akasema. "Ile ya jana inashuka."

Wanawake walicheka, na kicheko hicho kilitugharimu. Filimbi ikalia. Wavu wa kuanikia ukafunguliwa kwenye nguzo, ukakunjwa, ukaenda depo. Kesi, alisema prezida, ataisikiliza akipata nafasi. Sisi nafasi hatukuwa nayo. Baada ya siku chache mwezi ungepungua na mitumbwi ingerudi ziwani. Ndagala akikosa wavu asubuhi, jioni ananuka. Shangazi hakuwa na wavu mwingine.

Nilimfuata prezida nyumbani kwake.

"Nikitaka kukata rufaa, niende kwa nani?"

"Kwangu," akajibu kwa upole kabisa.

"Na kama wewe ndiye umekosea?"

"Nitajirekebisha. Mimi si mutu wa kiburi."

Basi kwenye mkutano wa mwalo nikasimama. Nilisema madaraka ya mtu mmoja yagawanywe: anayeandika sheria asiwe anayeisimamia, na anayeisimamia asiwe anayehukumu. Nilizungumza vizuri, nadhani. Hata mikono yangu ilizungumza. Muuza mawese mmoja akainua kidole.

"Avoka, tukimugawanya prezida, tutamulisha mara ngapi?"

Nikamwambia hilo si swali la msingi.

Prezida alinishangaza. Alikubali papo hapo, kwa tabasamu la mtu aliyepata wa kumsaidia mzigo. Kaye ikabaki kwake. Filimbi akampa shemeji yake, kaka wa mke wake. Hakimu akampendekeza fundi wa nyavu, mzee mfupi aliyeishi miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi Tanzania na ambaye, tangu arudi, hakuwahi kumpinga mtu yeyote. "Huyu hana neno," prezida akasema. Fundi akakabidhiwa ufunguo wa depo na kiti cha plastiki cheupe. Alikikalia pale pale, polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu.

Asubuhi iliyofuata shangazi alipeleka sokoni ndagala wakavu waliobaki. Beseni lake likaingiwa na mikono mitatu.

"Ulisema unagawanya madaraka," akaniambia aliporudi. "Umegawanya ndagala yangu."

"Shangazi, tungoje kesi."

"Mwezi haungoji."

Kesi ikasikilizwa siku moja kabla ya mitumbwi kurudi ziwani. Fundi alikaa kwenye kiti chake kando ya kichanja kitupu cha shangazi. Prezida akaja, akasimama nyuma yake, akainama sikioni kumnong'oneza hukumu.

"Mwenye kaye asimame kule na kaye yake," fundi akasema bila kugeuka.

Nilisisimka. Nikajiambia, hii ndiyo heshima ya cheo, mtu hubadilika akipewa nafasi. Baadaye tu nikajua kwamba alfajiri prezida alikuwa ameazima kile kiti bila kuomba, kwa ajili ya mgeni wake, na kikarudishwa na tope. Katika miaka yangu yote ya chuo hakuna profesa aliyetufundisha habari za tope kwenye kiti.

"Soma," fundi akasema.

Prezida akasoma: "Kila kichanja kifike kwenye mukanda."

"Mkanda wa nani?"

"Wangu. Kila mutu anajua."

"Imeandikwa?"

"Haikuandikwa, lakini..."

"Hata mimi nina mkanda."

Fundi akashuka kitini, maana kwake ilikuwa kushuka kweli, akasimama kando ya nguzo. Kichanja kilimfika karibu na kwapa. Alikitazama kwa masikitiko ya mtu wa haki. "Kimefika," akasema. "Kimezidi hata."

Prezida akamgeukia shemeji yake. "Piga filimbi."

Shemeji akaitazama filimbi, kisha akatazama kiuno chake mwenyewe. "Mimi nimefunga kamba tu, shemeji. Hii kesi ya mikanda hainihusu."

Depo ikafunguliwa. Wavu ukatoka, tukautandaza, na katikati palikuwa na tundu la mraba, limekatwa safi kwa kisu. Kipande chake tulikiona baadaye kimefunika vifaranga nyumbani kwa prezida. Palepale nikaanza kupanga kesi ya pili: kuharibu mali iliyo chini ya ulinzi. Nilikuwa nimefika kwenye hoja ya tatu shangazi aliponikatiza.

"Hiyo kesi itaisha lini?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Mitumbwi inarudi kesho asubuhi."

Fundi wa nyavu akasema kwa sauti ya chini kwamba tundu dogo kama hilo yeye anaweza kuliziba mara moja, ni kazi yake.

"Hapana, muzee. Murakoze," shangazi akamshukuru. "Leo wewe uko na kesi. Ukishona utakuwa na kazi mbili, na avoka wetu hapendi." Akanitupia sindano na kibunda cha uzi. "Ataziba mwenyewe."

Nilishona mchana kutwa, na wanawake walipita mmoja mmoja kuja kuona diplome ikifanya kazi. Vidole vyangu vilitoboka kuliko wavu.

Asubuhi mitumbwi ikarudi na shangazi akamwaga ndagala kwenye kichanja, wakaenea weupe wakimetameta. Kiraka changu kilining'inia kama tumbo la mbuzi, lakini kilishika. Prezida akaja. Akasimama kando ya nguzo, akainamia kiuno chake kwa mazoea, kisha akatazama kile kiti cheupe kule mbele ya depo, akajinyoosha. Akachota konzi yake kwenye beseni lililobaki. Akapeleka mkono mara ya pili.

Shangazi akalivuta beseni, si kwa haraka.

"Moja, prezida," akasema. "Hiyo ingine waachie wenzako."